Shangazi Hadda, Dakika Sifuri

Si Lakhdar, yaani Bwana Lakhdar, mgawa maji wa oasisi, alizisoma zamu za maji kama alivyozisoma siku zote, amesimama kwenye ngazi ya msikiti wa chini baada ya sala ya Ijumaa, kofia yake nyekundu imekaa wima, karatasi ameishika mbali na uso kwa sababu hakutaka watu wajue kwamba anahitaji miwani. Alianza na bustani za juu, zile zilizo karibu na mnara wa kupozea maji ya kisima, akawa anateremka mfereji kwa mfereji. Kila jina lilifuatwa na dakika zake. Mwenye jina akishaitikia "Nimesikia," zamu yake imefungwa, na hakuna wa kuifungua mpaka mzunguko uishe, wiki mbili baadaye.

"Lamine, Mfereji wa Tatu, dakika mia na kumi."

"Nimesikia!" Lamine alijibu upesi, maana mzunguko uliopita alipewa mia kasoro kidogo, na mtu aliyeongezewa haulizi.

"Hadda binti Salah, Mfereji wa Tatu." Si Lakhdar akasita. Akaisogeza karatasi, akaivuta karibu, akairudisha. "Dakika sifuri."

Chini ya kivuli cha duka la mikate, mahali wanawake wenye bustani walipozoea kukaa, Shangazi Hadda aliinua kichwa.

"Rudia, Si Lakhdar. Masikio yangu yamezeeka."

"Sifuri, Hadda. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nyuma ya watu wote, ameegemea ukuta wa tofali, alisimama Belgasem. Yeye ndiye aliyeiandika programu iliyotoa karatasi ile. Yeye pia ndiye aliyelelewa na Hadda, dada wa baba yake, tangu mama yake alipofariki. Alihisi macho ya watu yakimgeukia mmoja mmoja.

Desturi ya pale ni kwamba jina lisiloitikiwa huuacha mzunguko mzima wazi, na mzunguko ulio wazi hauna maji kwa mtu yeyote. Mwezi ulikuwa Agosti. Hadda alikuwa na haki ya kunyamaza, na oasisi yote ingekaa kavu pamoja naye. Alitazama chini, akafuta vumbi la magotini.

"Nimesikia," akasema.

Si Lakhdar akaendelea na jina lililofuata.

Kabla sijaendelea, nieleze kilichokuwa hatarini, ili msomaji asidhani ni mboga. Mwaka mmoja nyuma moto ulipita Mfereji wa Tatu, ukala mitende yote ya Hadda. Kabla ya mtende mkubwa wa marehemu mumewe kufa kabisa, machipukizi yaliyokuwa shinani mwake yalikatwa, yakatunzwa kwenye mchanga wenye unyevu, na majira ya kuchipua Hadda akayapanda katika mashimo mapya, kila moja limevikwa makuti makavu kulikinga na jua. Chipukizi la mtende katika kiangazi chake cha kwanza ni kama mtoto mchanga: likikosa zamu moja linaugua, likikosa mbili halirudi. Na mama yao alikwisha kuwa majivu. Hapakuwa na mahali pa kwenda kuomba mengine ya mbegu ile.

Watu walipotawanyika, Lamine alimfuata Belgasem mpaka kwenye kona.

"Fundi, nikuulize kitu. Kopo la baba yake Si Lakhdar, lile la kupimia maji, lilikuwa na tobo moja tu chini. Hili lako la umeme lina matobo mangapi?"

"Niache, Lamine."

"Nimekuacha. Nataka kujua tu. Maana bibi wa watu amekaa pale anameza mate."

"Umepata mia na kumi. Unajua zimetoka wapi?"

Lamine akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi najua zilikoandikwa," akasema, akaenda zake.

Programu hiyo Belgasem aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C miaka mitatu kabla ya hapo, aliporudi kutoka mji mkuu akiwa na nywele chache na sifa nyingi. Katika kila bustani kulizikwa kipima unyevu. Programu ilisoma vipimo vyote, ikakadiria kiasi cha maji ambacho jua lingenyonya kwenye kila kipande cha ardhi, ikajaribu maelfu ya migawanyo na kuchagua ulio bora. Kipima kikifa, kilituma namba hasi, na hesabu ya unyevu ukiilisha namba hasi haitoi jibu; inatoa kitu ambacho mafundi wanakiita "isiyo namba." Belgasem alilifikiria hilo tangu mwanzo. Aliandika sharti: jibu likiwa si namba, bustani hiyo ipewe fungu lake la kale, lile walilogawiana mababu. Kwa Hadda lilikuwa dakika tisini. Namna ya kuitambua isiyo namba ni ya ajabu lakini ni rahisi: ndicho kitu pekee katika hesabu za mashine ambacho ukikiuliza kama kiko sawa na nafsi yake, kinajibu hapana. Sharti lake lilikuwa swali hilo hilo moja, na alijivunia ufupi wake.

Alirudi nyumbani akiwa na nakala ya vipimo vya juzi, ambayo kila mzunguko hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya maji, wazi kwa kila mtu. Kipima cha Hadda kilikuwa kimekufa; chumvi ilikuwa imeshakila. Hilo halikumshangaza. Aliingiza namba zote kwenye kompyuta yake, akaendesha programu.

Hadda, dakika tisini.

Akaendesha tena. Tisini. Akaweka maandishi kila baada ya hatua ili aone programu inapita wapi. Ilifika kwenye sharti, ikauliza swali, ikajibiwa, ikachukua fungu la mababu kama mtoto mwenye adabu. Mkewe alimletea chai, akaikuta ile ya kwanza imepoa na nzi ndani yake.

"Umepata?"

"Hakuna cha kupata. Iko sawa."

"Iko sawa na shangazi hana maji?"

"Hapa iko sawa, nasema. Hapa."

Siku mbili alikaa hivyo. Kila alipochungulia, kosa lilijificha. Asubuhi na jioni alikwenda kwa Hadda na madumu ya maji ya bomba kwenye toroli la pikipiki, kwa kuwa maji ya kisima kifupi cha bustanini yalikuwa na chumvi ya kuua. Bomba la mji lilitiririka wembamba wa uzi. Walimimina dumu kwenye shimo, mchanga ukalinywa kwa mkupuo, ukabaki na doa ambalo lilikauka kabla hawajafika shimo la pili.

"Umechoka, mwanangu," Hadda alisema. "Kaa. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulitaka kumwagilia kwa kofia ya baba yako?"

"Shangazi, nitalipata kosa."

"Sijasema hutalipata."

Siku ya tatu, akiwa anafunga dumu tupu kwa kamba, alikumbuka jambo lililomfanya aketi chini pale pale kwenye mchanga.

Mwaka wa kwanza, programu ilipoanza kutumika, ilichukua asubuhi nzima kutoa karatasi. Kompyuta ya ofisi ilikuwa kuukuu, na wanakamati walisimama juani wakingoja. Lamine alipita akawauliza kama wamepika chakula cha mashine, maana mwenye kazi nzito lazima ale. Walicheka mpaka Si Lakhdar akalazimika kuvua kofia na kujipepea. Belgasem hakucheka. Wiki ile aliipa kompaila amri ya kuharakisha hesabu. Kompaila, kwa asiyeijua, ni ile programu inayochukua maandishi ya mwandishi na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inayaelewa. Na unaweza kuiamuru iyapange upya maagizo hayo, ikate njia za mkato, itupe yasiyo ya lazima, mradi jibu lije upesi. Mzunguko uliofuata karatasi ilitoka kabla birika halijachemka. Walimpigia makofi. Aliyakumbuka makofi hayo kwa muda mrefu kuliko alivyoikumbuka amri.

Na nyumbani, alipokuwa akitafuta kosa, alifanya kile kinachofanywa na kila mwandishi wa programu: aliitengeneza polepole, bila amri ya haraka, ili aweze kuifuata hatua kwa hatua.

Alirudi mbio. Akaitengeneza upya kwa amri ile ile ya ofisini. Hadda, dakika sifuri.

Kisha akafungua maagizo ya mashine yenyewe, yale yasiyosomwa na mtu kwa hiari, akayapitia mstari kwa mstari mpaka mahali ambapo sharti lake lilipaswa kuwa. Hapakuwa na kitu. Agizo la kabla yake lilikuwapo, na la baada yake lilikuwapo, yameunganishwa kama ukuta ambao haujawahi kuwa na mlango. Amri ya hesabu za haraka, ndani yake, ina ahadi: mwandishi anaiahidi kompaila kwamba isiyo namba haitatokea kamwe. Kompaila iliiamini ahadi. Namba ya kweli siku zote iko sawa na nafsi yake, kwa hiyo swali la Belgasem lilionekana kuwa la kipuuzi, likafutwa. Jibu bovu likapita moja kwa moja, likageuzwa kuwa dakika hasi, na mstari mwingine wa Belgasem, ule wa kuzuia dakika hasi, ukalifanya sifuri kwa uangalifu mkubwa. Dakika zilizobaki zikagawiwa majirani.

Kwenye maandishi yake sharti lilikuwapo. Angeweza kuliwekea kidole. Ndani ya mashine halikuwapo, na tangu siku ya makofi halikuwahi kuwapo. Bahati tu ndiyo iliyofanya kusiwe na kipima kilichokufa mpaka kiangazi hiki.

Alimkuta Si Lakhdar kivulini uani, anakunywa maji matamu ya mtende yaliyogemwa alfajiri, bilauri moja mkononi na nyingine imefunikwa sahani.

"Kunywa kwanza. Uso wako kama wa mtu aliyefiwa."

"Si Lakhdar, nimelipata kosa. Ni langu. Hadda alipaswa kupewa tisini."

"Naamini."

"Basi tuirekebishe zamu. Mzunguko haujafika hata nusu."

Mzee aliweka bilauri chini. "Nani alisema mkono wa mtu usiguse karatasi?"

Belgasem aliifunua bilauri yake, akaifunika tena.

"Nakuuliza, mwanangu. Siku ile mkutanoni. Nani alisimama akasema mkono una ndugu na mashine haina ndugu? Nani alisema karatasi itoke mbele ya watu wawili, ikunjwe, isifunguliwe mpaka ngazini, hata mimi nisiione kabla?"

"Mimi."

"Na mimi nilikupinga. Nilisema iachiwe nafasi ya aibu, mtu akiona jambo la aibu aweze kulisimamisha. Mkaniita mzee wa kopo."

"Sikukuita mimi."

"Ulicheka." Si Lakhdar aliyasema bila hasira, kama anayetaja bei ya jana. "Sasa sikiliza. Huyu ni shangazi yako. Nikifungua zamu iliyoitikiwa kwa sababu ya shangazi yako, kesho nitafungua kwa sababu ya mjomba wa mwingine. Babu zetu walichinjana kwenye mfereji ule kwa zamu zilizofunguliwa. Ninachoweza ni hiki: Alhamisi kabla ya kusomwa, tutakufungulia ofisi utengeneze programu yako."

"Na kuijaribu?"

"Kuijaribu vipi?"

"Niiendeshe mara moja kwa vipimo vipya, nione inatoa nini kwa Hadda."

"Halafu usipopenda kilichotoka, utaitengeneza tena? Na tena? Mpaka itoe unachokipenda?" Mzee akatikisa kichwa. "Utatengeneza, utafunga, utaondoka."

Kulikuwa na njia moja bado. Desturi inamruhusu mtu kutoa zawadi dakika za zamu yake mwenyewe. Lakini Belgasem hakuwa na zamu. Bustani ya baba yake iliuzwa alipokwenda kusoma, na aliyeinunua alikuwa Lamine.

Alimkuta juu ya ngazi, anavisitiri vishada vya tende kwa vyandarua.

"Nipe thelathini tu," Belgasem alisema akiwa chini. "Thelathini tu, ili miche yake ivuke."

"Toka uje juani uniombe vizuri, huko kivulini sikusikii."

"Lamine, sina mzaha."

Lamine alishuka, polepole, akakung'uta viganja. Alipokaribia uso wake ulikuwa hauna mzaha pia. "Nisikilize. Nikimpa, watu watasema Lamine alijua tangu mwanzo kwamba dakika si zake. Nikikiri programu ilimkosea yeye, nimekiri ilinipendelea mimi. Na mwakani watakuja na miaka yote mitatu ya nyuma. Unaona unanipeleka wapi?"

"Miche inakufa."

"Naiona kila siku, ukuta wangu na wake ni mmoja." Alikwenda kwenye kikapu kilichotundikwa, akatoa mkate mnene wenye vitunguu na pilipili ndani, umefungwa kwa kitambaa. "Mpelekee huu. Mwambie umetoka kwa mke wangu."

Belgasem aliupokea, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake.

Alhamisi walikifungua chumba cha ofisi kwa funguo mbili, moja ya Si Lakhdar, moja ya Lamine, ambaye mwaka ule alikuwa katika kamati. Wakakaa nyuma yake kwenye viti vya plastiki. Mashine ile ilikuwa ya aina ya zamani, kwa hiyo programu ya nyumbani haikuweza kuletwa imeshaiva. Ilibidi itengenezwe pale pale. Belgasem aliiondoa amri ya haraka. Aliisoma amri nzima mara mbili, herufi kwa herufi. Mwishoni aliandika jina la maktaba yake ya hesabu, yaani faili la hesabu alizoziandika kando, kisha zile herufi mbili za kuomba maktaba ya kawaida ya hesabu inayokuja na mashine, ambazo zisipowekwa mwishoni kiunganishi, kile kinachoshona vipande vya programu pamoja, hulalamika kwamba hakijui kipeo ni nini. Akabonyeza.

Mashine ikafikiri. Haikulalamika.

"Imekubali?" Si Lakhdar aliuliza.

"Imekubali."

"Mbona imekubali haraka, na umesema umeondoa haraka?" Lamine alisema.

"Kutengeneza ni kitu kimoja, kuendesha ni kingine."

"Sawa, fundi. Mimi nauliza kwa sababu nina ufunguo."

Wakafunga. Njiani Belgasem alipita kwa Hadda, akamwambia kwamba kesho atasikia tisini. Alimshika mkono alipokuwa akisema. Miche kadhaa ilikuwa imeshapauka rangi ya majani makavu, lakini katikati ya mingi ulikuwapo bado ule mkuki wa kijani, jani changa ambalo halijafunguka, umesimama.

"Kesho tisini," Hadda alirudia, akamtilia chai nyingine.

Ijumaa uwanja ulijaa kuliko kawaida. Si Lakhdar aliikunjua karatasi mbele ya wote, na karatasi ikawa inatetemeka kidogo kwa upepo wa moto. Mfereji wa Kwanza. Mfereji wa Pili. Lamine, mia na nane. Belgasem alisikia namba hiyo, akamtazama Hadda, maana kama Hadda angekuwa na tisini zake, Lamine asingeweza kuwa na mia na nane.

"Hadda binti Salah, Mfereji wa Tatu, dakika sifuri."

Hapo hapo, neno halijaisha mdomoni mwa mzee, Belgasem alijua. Sharti halikuwa ndani ya programu kuu. Lilikuwa ndani ya maktaba yake ya hesabu, lile faili alilolitengeneza mara moja, wiki ile ya makofi, kwa amri ya haraka, na ambalo tangu siku hiyo lilikaa kwenye mashine ya ofisi limeiva tayari. Nyumbani alivitengeneza vyote upya, programu na maktaba. Ofisini alitengeneza programu peke yake, na kiunganishi kikaichukua ile maktaba ya zamani na kuishona palepale. Kiunganishi huuliza jambo moja tu: majina yanayotafutwa yapo? Yalikuwapo. Hakiulizi yalipikwaje. Alikuwa amekaa mbele ya mashine akisoma amri yake herufi kwa herufi, na jina la maktaba aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alitaka kupaza sauti. Lakini angesema nini, na kwa nani? Watu walikuwa wamemgeukia Hadda.

"Nimesikia," Hadda alisema, bila kuomba namba irudiwe.

Jioni alimkuta ameketi kwenye ukingo wa mfereji mkavu. Alianza kumweleza: maktaba, kiunganishi, jinsi faili la zamani lilivyobaki. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na alijisikia akieleza vizuri, akajichukia. Hadda alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Hayo maandishi unayo hapo?"

"Ninayo kwenye simu."

"Nisomee pale niliposhikwa mimi."

"Jina lako halimo, shangazi. Ni bustani yoyote yenye kipima kilichokufa."

"Ndiyo mimi huyo. Soma."

Akalitafuta sharti, akalisoma kwa lugha ya watu. Jibu lisipokuwa sawa na nafsi yake, mpe fungu la wazee wake.

Hadda alifikiri. "Maneno mazuri," akasema. "Uliyaandika lini?"

"Mwaka ule niliporudi."

"Kwa hiyo hukunisahau."

"Sikukusahau."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaanza kuvuta makuti yaliyoufunika mche wa karibu, akayarudisha bila kusema alichokiona.

Belgasem alileta madumu wiki zile mbili zote. Alikodi hata gari la maji kutoka mji wa Tozeur, likaja mara moja, likamwaga nusu ya shehena njiani, na dereva akasema hatarudi kwenye mchanga ule. Lamine alikuwa akimwona kupitia ukuta na hakumtania tena. Hilo lilimuuma Belgasem zaidi.

Mzunguko wa tatu alivitengeneza vyote, maktaba kwanza, programu baadaye, faili la kale akalifuta mbele ya mashahidi wawili. Ijumaa ile programu ilichukua asubuhi nzima, na watu walingoja juani bila mtu kuuliza juu ya chakula cha mashine. Si Lakhdar akasoma: Hadda binti Salah, dakika tisini. Alipoitikia, baadhi ya watu walimpigia makofi, kisha wakaacha.

Zamu yake iliangukia asubuhi. Belgasem alifika mapema, akamkuta amesimama kwenye lango la mfereji na jembe, kanga nyeupe ameifunga kiunoni kama mtu wa kazi. Maji yasipopokewa na mwenyewe, haki ya zamu hupotea. Yalikuja na sauti kabla hayajaonekana, yakisukuma majani makavu mbele yake, bado na uvuguvugu wa kisima kirefu. Hadda alilikata tuta kwa pigo moja. Maji yakaingia.

Yalijaza shimo la kwanza, yakazunguka mche, yakapanda mpaka kwenye makuti. Belgasem alipiga magoti, akaupapasa moyo wa mche, akaushika ule mkuki wa katikati, akauvuta taratibu. Mche ulio hai humshinda mtu. Huu ulitoka mkononi mwake bila kuvutana, mrefu, mwembamba, mwisho wake laini na mweusi, unanuka kama tende iliyochacha. Akaenda wa pili, ukatoka. Wa tatu ukatoka. Alikuwa akikimbia sasa, viatu vimejaa matope, akivuta na kutupa.

"Acha kuvuta," Hadda alimwambia.

Akasimama, mkuki mmoja mkononi.

"Hesabu imetoka sawa?"

"Imetoka sawa, shangazi."

"Tisini kamili?"

"Tisini kamili."

Upande wa pili wa ukuta Lamine alikuwa amesimama juu ya ngazi yake, chandarua mkononi, haendelei kufunga wala hashuki. Hadda alimwona, akamwinulia kiganja kumsalimu. Kisha akamkabidhi Belgasem jembe.

"Shimo la kwanza limejaa. Fungua la pili."

Akafungua. Maji yalipita miguuni mwake, yakaenda kujaza shimo lililofuata, na lililofuata, na zamu ilikuwa bado ndefu.